Kinu kimezimika, mbona bado kinachemka?

SWALI: Mimi ni fundi umeme hapa Jinja. Tunasikia habari za mpango wa mtambo wa nyuklia kule Buyende, na tunaambiwa tetemeko likipiga, kinu (chombo ambamo atomi hupasuliwa ili kutoa joto) hujizima chenyewe kwa sekunde chache. Kama ni hivyo, ya Fukushima yalitokeaje? Mtambo ukishapata hasara, wafanyakazi waanzie wapi? Na sisi tusio na bahari, si tumeepukana na hayo?

JIBU: Ndugu fundi, waliokuambia hivyo hawakukudanganya. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko kubwa lilipopiga, vinu vitatu vya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi vilivyokuwa kazini vilijizima kama vilivyoundwa. Fimbo za kudhibiti ziliingia katikati ya fueli ya urani na mpasuko wa atomi ukakoma. Lakini kuzima si kupoza. Mabaki ya urani iliyokwisha kupasuka huendelea kutoa joto, na joto hilo halina swichi. Makaa ya sigiri ukiyamwagia maji yanakufa; haya utayamwagia leo, kesho na mwakani.

Tuchukue kinu namba 2, kilichokuwa kikitoa joto la megawati 2,381. Mara tu kinapozimwa hubaki na asilimia 6 hadi 7, yaani megawati 150 hivi, si mbali na uwezo wa bwawa lenu la Nalubaale, megawati 180. Baada ya saa moja hushuka hadi kama asilimia 1.5, na baada ya siku nzima nusu ya asilimia, megawati 12 hivi. Usizidharau. Megawati 12 hugeuza tani 17 hivi za maji kuwa mvuke kila saa: madumu 850 ya lita 20, usiku na mchana. Maji yakipungua, fueli hutokeza juu. Ganda lake la metali ya zirikoni likifika nyuzi 1,200 hivi, muungano wake na mvuke hushika kasi, hutoa haidrojeni, na wenyewe huongeza joto.

Sasa umeme, ambao ni fani yako. Tetemeko lilikata umeme wa gridi, jenereta za dizeli zikawaka, pampu zikazunguka. Dakika 50 hivi baadaye mawimbi ya tsunami yaliingia kutoka baharini. Wengi hukumbuka jenereta zilizozama, lakini jambo lililowaumiza zaidi lilikuwa makabati ya swichi, yaliyokuwa katika ghorofa za chini pamoja na jenereta. Baadhi ya jenereta zilipozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari. Mbili kati ya hizo hazikuharibika, ila makabati yaliyopokea umeme wake yalikuwa ndani ya maji, kwa hiyo hazikumsaidia mtu. Ya tatu, ya kinu namba 6, ilibaki na kabati zima, ikaokoa kinu chake na namba 5 pia. Magari ya jenereta yaliyoletwa kutoka nje nayo yalikumba shida hiyohiyo: umeme upo, pa kuuchomeka hakuna. Kwa hiyo fundi wa zamu, kabla ya kuomba jenereta nyingine, akague ni kabati gani bado kavu, apime uzima wa nyaya zake, ndipo aseme gari lije mlango upi.

Betri za volti 125 zilikusudiwa kuhimili saa 8 hivi. Katika vinu namba 1 na 2 zililoweshwa, chumba cha udhibiti kikawa giza na geji zikafa. Wafanyakazi walikusanya betri za magari: mbili kwa mfululizo kuamsha geji, kumi kwa mfululizo kufungua vali za kutoa shinikizo. Inafaa kuziweka betri hizo akiba pamoja na vibano na mchoro unaoonyesha terminali zipi. Na hata geji ikiamka, usiiamini upesi. Geji ya kina cha maji hulinganisha shinikizo la bomba lililojaa maji na shinikizo la ndani ya kinu. Joto likizidi, maji ya bomba hilo huchemka na kupungua, na geji husoma juu kuliko hali halisi. Katika kinu namba 1 ilionyesha maji yakiwa juu ya fueli wakati fueli ilikuwa imekwisha kubaki wazi. Kina, shinikizo na mionzi visomwe pamoja. Mionzi ikipanda mlangoni huku kina kikisema salama, mwongo ni kina.

Halafu kuna fumbo la shinikizo. Ndani ya kinu kuna baa 70 hivi, yaani kama mara 70 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Pampu ya gari la zimamoto haifiki hata baa 20. Maji hayaingii mpaka ufungue vali na kuushusha mvuke kwenye bwawa la kuupozea lililo chini ya kinu. Mpangilio hapa ndio uhai. Gari liwe limeunganishwa, injini inanguruma, mafuta yapo na chanzo cha maji kimethibitishwa, ndipo vali ifunguliwe. Shinikizo linaposhuka ghafla, sehemu kubwa ya maji yaliyomo hulipuka kuwa mvuke, na fueli hubaki uchi kwa dakika kadhaa. Ukifungua kwanza kisha ukatafuta mpira wa maji, umeyeyusha fueli kwa mkono wako. Kosa jingine ni kuhesabu maji yanayotoka kwenye gari kana kwamba yote yanafika. Fukushima sehemu yake ilipotelea kwenye mabomba ya pembeni ambayo vali zake hazikufungwa. Maji matamu yakiisha, tumia ya chumvi pamoja na boroni, inayozuia mpasuko wa atomi usianze tena. Chumvi itaharibu kinu, ndiyo, lakini kinu hicho kimekwisha kuharibika.

Bwawa la mvuke nalo likichemka, shinikizo hujaa kwenye kasha la chuma linalokizunguka kinu. Katika namba 1 lilikaribia mara mbili ya kiwango kilichokadiriwa wakati wa kuliunda. Hapo lazima gesi itolewe kupitia bomba refu, na vali za njia hiyo zilitaka umeme na hewa ya kompresa, vyote havipo. Watu waliingia gizani na tochi kuzungusha gurudumu kwa mkono. Zoezi hilo lifanywe mapema, kabla mionzi haijaufunga mlango. Shinikizo likizidi, haidrojeni hupenya kwenye viungo vya kasha na kukusanyika darini. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kushika moto. Jengo namba 1 lililipuka tarehe 12, namba 3 tarehe 14. Namba 4, ambalo kinu chake hakikuwa na fueli hata kidogo, lililipuka tarehe 15 kwa gesi ya namba 3 iliyorudi kupitia mabomba yaliyoungana. Jengo namba 2 halikulipuka. Paneli moja ya ukuta wake ilikuwa imeng'oka, gesi ikapata pa kutokea.

Mabwawa ya fueli iliyotumika hutisha sana, lakini huwa na muda wa siku, si saa. Yapimwe kina, yaongezewe maji, na kila mtu arudi kwenye vinu. Baada ya hapo kazi huwa ya miaka: nitrojeni ya kufukuza haidrojeni, na maji machafu ya kusafisha na kuhifadhi. Mabaki ya fueli iliyoyeyuka ni kama tani 880. Kipande cha kwanza kilichotolewa, Novemba 2024, hakikufika gramu moja.

Kuhusu kukosa bahari: usingoje wimbi ndipo uogope. Matetemeko yetu makubwa ni ya magharibi, kwenye Bonde la Ufa, kama lile la Toro la 1966, na Buyende iko mbali na bonde hilo. Hata hivyo, tetemeko la 2007 kwenye mtambo wa nyuklia wa Kashiwazaki-Kariwa, Japani, lisilo na tsunami iliyoharibu kitu, liliwasha moto transfoma na kupasua mabomba ya maji ya zimamoto, kwa sababu udongo ulizama huku majengo yakibaki palepale. Mpaka kati ya udongo na zege ndipo mabomba hukatikia. Na ziwa Kyoga, lililo kando ya Buyende, lina visiwa vya magugu vinavyoelea. Unakumbuka Aprili 2020, kisiwa cha namna hiyo kilipoziba mitambo hapo Jinja na nchi nzima ikakosa umeme? Kwa mtambo wa nyuklia, hilo ni gridi kupotea. Likitokea tena penye mlango wa maji ya kupozea, ni mambo mawili kwa siku moja, na hakuna ardhi iliyotikisika.

Vinu vipya vya aina fulani hujipoza saa 72 bila umeme, kwa maji yanayoshuka kutoka tangi la juu. Ni nafuu kubwa. Michoro ya Buyende ikiletwa mbele ya watu, wewe uliza makabati ya swichi yako ghorofa ya ngapi, na saa ya 73 maji yanatoka wapi.