Suti imekukaa, shemeji kaanza maneno

Wapendwa, kijana wetu wa leo ana miaka 28, yupo Dar, kazi yake ni kwenye kampuni ya bima na harusi yake ni Desemba. Siku ya kupeleka mahari alivaa suti ya kushonesha, rangi ya waridi iliyopauka, koti limeshika kiuno, suruali imeishia juu ya kifundo. Kesho yake kaka wa mchumba akairusha picha kwenye grupu la wasapu la kamati ya harusi akaandika "jamani huyu tunayempa dada yetu tuna uhakika ni mwanaume?", watu wakacheka weee, na usiku mchumba akampigia: "niambie ukweli sasa hivi kabla hatujafika mbali". Sasa ananiuliza, anunue suti kubwa ya dukani yaishe? Amwache fundi wake, maana fundi ni mtu mzima hajaoa na mtaani wanamsemasema? Na je aandike kwenye grupu maneno makali ya kuwatukana mashoga ili wakwe waone yeye ni rijali?

Mwanangu, pole sana. Umeaibishwa mbele ya watu ambao ndo unataka wakupokee kama mtoto wao, na aliyekuaibisha ni mtu utakayemwita shemeji maisha yako yote, hilo sio dogo hata kidogo.

Nguo haijui unampenda nani. Najua unalijua hili ila nataka ulisikie kwa mtu mzima. Ukienda kwa fundi anakupima bega mfupa hadi mfupa, anazungusha tepu kifuani anaacha nafasi ya vidole viwili, mkono anaushusha mpaka kwenye kifundo ili shati litokeze kidogo, alafu mguu wa ndani kuanzia msamba kwenda chini, anaandika namba kwenye daftari lake basi. Koti likikaa vizuri mwilini ni kwa sababu ya zile namba. Shemeji yako angepimwa na fundi huyo huyo naye angetoka amependeza.

Hii dhana ya kwamba mwanaume akivaa nguo ya kumkaa basi ana mambo yake haikuzaliwa Kinondoni, ina historia yake na nakuombea uijue ili maneno ya watu yasikutikise. London mwaka 1954 mpiga picha mmoja anaitwa Bill Green alifungua duka la nguo za kiume la Vince, jirani kabisa na mtaa wa Carnaby, akauza suruali za kubana na mashati ya rangi kali, na wateja wake wa mwanzo wengi walikuwa wanaume wanaopenda wanaume pamoja na watu wa sanaa. Wakati ule sheria ya Uingereza ilikuwa inawafunga jela, ilikuja kulegezwa 1967, kwa hiyo watu hawakuweza kujisema kwa mdomo na mavazi yakawa yanawasaidia kutambuana. Lakini kijana aliyewahi kufanya kazi pale, John Stephen wa Glasgow, akatoka akafungua maduka yake Carnaby, na miaka ya 60 ilipofika nusu, kila kijana wa mjini anavaa vile, wenye wake, wenye wachumba, wapiga gitaa, makarani wa ofisi, wote. Yaani nguo iliondoka kwa wenyewe ikawa ya dunia nzima, yale maneno tu ndo yakabaki nyuma yanatafuta mtu wa kumwangukia, na mwezi huu yamekuangukia wewe.

Na hapa kwetu suruali ya kubana iliwahi kugombezwa, tena rasmi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walipitisha Operesheni Vijana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku minisketi, mawigi na suruali za kubana. Sababu waliyotoa ilikuwa kwamba ni utamaduni wa kigeni unaoharibu taifa. Na walioumia zaidi ni mabinti, kuna waliovamiwa na vijana pale Kariakoo mchana kweupe kwa sababu ya sketi. Nakutajia hili uone kwamba anayejipa kazi ya ukaguzi wa nguo za wenzake hachelewi kunyoosha mkono.

Alafu miaka ya 70 marufuku ikamezwa na pekosi! Nenda kwa baba mkwe wako kwa heshima zote, muombe akuonyeshe picha zake za ujana kama anazo. Wa umri ule wengi wao utawakuta na pekosi imebana mapaja na kufunguka chini, raizoni za kisigino kirefu, shati la maua vifungo viwili wazi, afro imechanwa ikachanuka. Hao ndo wazee wetu wanaokaa mbele kwenye vikao vya mahari leo, na wamelea familia.

Vuka ziwa uende Kongo. Masapeur, wale wanaume wapenda mavazi wa Kinshasa na Brazzaville, wanashona na kununua suti za waridi, za njano, za kijani, na wana kanuni yao kwamba rangi zisizidi tatu kwa mara moja, na wengi ni madereva, mafundi, baba wa watoto. Papa Wemba aliyefariki jukwaani Abidjan 2016 alitangaza mavazi yale kwa kizazi kizima. Na sisi watu wa pwani ndo kabisa hatuna haki ya kushangaa, kanzu ya mwanaume inatariziwa shingoni kwa uzi wa hariri, inafukizwa udi, na wenzetu wa Oman kanzu zao zina kile kishada shingoni cha kupakwa marashi. Mwanaume kunukia na kupendeza ni adabu tuliyofundishwa na babu zetu.

Sasa nakuja kwenye yale uliyouliza.

Kuandika maneno ya kutukana mashoga, hapana. Nakukataza kabisa. Kwanza hutasafisha jina, utawapa nafasi ya kusema "mbona anajihami sana". Pili, na hili ndo linaniuma mimi, uvumi huo ni hatari ya kweli kwa watu. Unakumbuka mwishoni mwa 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alitangaza wananchi walete majina ya wanaoshukiwa kuwa mashoga, mpaka wizara ya mambo ya nje ikatoa tamko kwamba huo sio msimamo wa serikali. Fikiria jirani mwenye kinyongo na simu mkononi. Fikiria ni nani anayetajwa hapo, ni yule anayevaa tofauti, anayetembea tofauti, ambaye hajaoa. Sheria yetu ya makosa hayo tumerithi kwa mkoloni Mwingereza na adhabu yake ni miaka mingi sana. Wewe umeonja kidogo tu kuoneshewa kidole na hulali, je unataka kumrushia nani moto huo? Wanaume wanaopenda wanaume wapo, ni watoto wa watu, wengine unafanya nao kazi na wanavaa suti kubwa za kawaida kabisa hujawahi kuwawazia. Hawajakukosea chochote.

Na fundi wako usimwache. Mtu amekushonea vizuri, anakula kwa mikono yake, kuoa au kutooa ni lake. Ukimkimbia kwa sababu ya maneno ya mtaa utakuwa umemfanyia kilekile shemeji alichokufanyia wewe.

Shemeji usibishane naye kwenye grupu. Mshenga wako yupo, umtume yeye! Azungumze na mwenyekiti wa kamati, picha ifutwe, na shemeji aambiwe na watu wazima wa kwao kwamba amevunja heshima ya dada yake kwanza. Ukimjibu wewe utaonekana mgomvi kabla hujaoa.

Mchumba sasa. Huyu usimkasirikie haraka, amesikia vicheko akaogopa, na pengine amewahi kuona ndoa ya mtu ikivunjika kwa sababu ya siri. Kaa naye ana kwa ana, sio kwa meseji. Mjibu mara moja kwa utulivu, alafu na wewe muulize: tangu tumefahamiana nimekukosesha nini mpaka suruali ikakufanya usinijue? Msikilize anachojibu, hapo ndo utajua unaoa nani. Na mwanangu, sikushuku, ila acha niseme yote, kama kuna jambo lolote moyoni mwako ambalo hukuniandikia, mwambie yeye kabla ya ndoa. Sio kwa ajili ya suti, ni kwa sababu anakukabidhi maisha yake na kuoa ili kunyamazisha watu kunaumiza wawili.

Suti ya dukani usinunue. Utapotea ndani yake na picha za harusi zinakaa ukutani miaka mingi. Lakini niliangalia picha uliyoambatanisha, ukifunga kifungo panatokea mikunjo ya herufi X tumboni na mifuko ya suruali inafumuka, hiyo imebana kupita kiasi, mwambie fundi aachie kidogo kiunoni na mapajani. Rangi ibaki unayoipenda. Fitingi ya mwisho fanya wiki mbili kabla, maana mabwana harusi wengi mnakonda kwa mawazo.

Mkishaongea na mwenzio niandikie, nataka kujua alikujibu nini.