Jibu: Kwa nini mipango ya miaka mitano ilifanikiwa Korea Kusini na kwingine ikakwama?

Mkuu, umeuliza kwa nini mipango ya miaka mitano iliinua Korea Kusini huku kwingine ikiishia kuwa makabrasha kabatini. Mimi huanza na swali moja: nani anashika fedha?

Korea Kusini iliunda Bodi ya Mipango ya Uchumi mwaka 1961, na mpango wa kwanza ukaanza 1962. Bodi ile haikuandika malengo tu, bajeti ya serikali nayo iliandaliwa humohumo, na kuanzia 1963 mkuu wake alikuwa Naibu Waziri Mkuu. Waziri aliyepuuza mpango alijua fungu lake linapitia meza ileile. Benki nazo zilikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo mikopo nafuu ilizifuata kampuni zilizouza bidhaa nje. Ukishindwa kuuza, mkopo unakauka. (Ulikuwa pia utawala wa mkono wa chuma wa Park Chung Hee, vyama vya wafanyakazi vikabanwa. Wanaousifia huliruka hilo.)

India ilikuwa na Tume ya Mipango tangu 1950, yenye wataalamu wazuri kabisa, ila bajeti ilibaki Wizara ya Fedha. Vita na ukame vilipogongana, mipango ya miaka mitano ikasimama kati ya 1966 na 1969. Mwaka 2015 nafasi ya Tume ikachukuliwa na NITI Aayog, chombo cha ushauri.

Wasovieti usiwaweke kapu moja na hawa. Gosplan, kamati yao ya mipango, ilipanga mpaka mgao wa malighafi viwandani, wala hapakuwa na soko la kuipinga.