Mbona UAW haikufunga viwanda vyote?

Swali: Septemba 2023 UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari Marekani, kiligomea kampuni za magari za Ford, GM na Stellantis kwa mpigo. Kwa nini kilianza na viwanda 3 tu?

Jibu: Piga hesabu. Mfuko wa mgomo wa chama ulikuwa na dola milioni 825, na humo kila mgomaji alilipwa dola 500 kwa wiki. Wanachama wapatao 146,000 wakitoka wote, mfuko unakauka ndani ya wiki 11 hivi. Walitoka kama 13,000 kwanza, wa viwanda vya Wayne (Ford), Wentzville (GM) na Toledo (Stellantis). Wengine wakaendelea kulipwa na mwajiri. Kampuni nazo hazikujua zamu inayofuata ni ya nani. Oktoba 11 ikawa Kentucky, kiwanda cha malori ya Ford chenye faida nono. Hapo ndipo palipouma. Nyongeza ya mshahara iliyopatikana: asilimia 25 hadi Aprili 2028.