Maswali ya Wasomaji: Meno ya Mtoto Yaangaliwe Palepale Anapopimwa Uzito

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wazazi, mabibi na wahudumu wa kliniki za watoto hapa Mombasa. Tumezijibu tano.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo. Siku ya chanjo tuko wawili tu na foleni hufika nje. Tungependa kuangalia meno ya watoto, lakini hatuna kiti cha meno wala daktari wa meno. Tuanzie wapi?
*Muuguzi, Likoni*

Anzeni, kwa sababu hapo zahanatini ndipo mahali pake. Daktari wa meno humwona mtoto akishakesha analia. Nyinyi mnamwona akiwa na meno mawili, na katika umri huo kuzuia bado ni kazi ya dakika chache.

Msitafute siku mpya. Ifungeni kazi hii na vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila miezi 6, tangu akiwa na miezi 6 hadi karibu atimize miaka 5. Vanishi ya floraidi, yaani dawa ya kunata inayopakwa menoni kuzuia kuoza, hupakwa kila miezi 3 hadi 6, kwa hiyo kalenda ni moja. Wengi huifunga na chanjo pekee, na hapo ndipo mpango unapofia: chanjo ya pili ya surua ni ya miezi 18, na baada yake wazazi wengi hawarudi. Magego ya mwisho ya utotoni hutoka baina ya miaka 2 na 2 na nusu. Yaani meno yanayooza kwa urahisi hutoka wakati mtoto hayuko tena machoni penu. Wiki za Malezi Bora, yaani zile za kampeni ya afya ya mama na mtoto, Mei na Novemba, ni nafasi nzuri ya kuwafuata watoto hao kwenye shule za chekechea.

Vifaa ni vichache: tochi ya kuvaa kichwani, glavu, shashi, na vanishi ya sodiamu floraidi asilimia 5 iliyofungwa dozi mojamoja na brashi yake. Umeme hauhitajiki. Mtoto mwenye meno ya utotoni tu hutosheka na 0.25 ml. Tyubu kubwa huonekana rahisi kwa bei, lakini dozi yake hukisiwa kwa macho na brashi iliyotoka mdomoni hurudishwa ndani, kwa hiyo hatuishauri. Kwa joto letu la pwani, ziwekeni dozi penye kivuli na hewa, na mfuate kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye pakiti. Agizeni kwa hesabu ya watoto wa vitamini A. Kama mnapata watoto 40 kwa mwezi, dozi 45 zinatosha. Ukijaza kabati, nusu itapitwa na tarehe.

Utaratibu wa siku uwe huu: uzito, mdomo, na sindano mwisho kabisa. Aliyekwisha kudungwa hakubali tena kuguswa na mtu mwenye glavu. Vitamini A ameze mapema, mafuta yake yaishe mdomoni kabla ya kupaka, kwa kuwa jino lenye mafuta halishiki vanishi vizuri.

Muuguzi na mzazi wakae wakitazamana, magoti yagusane. Mtoto aketi mapajani mwa mzazi akimwelekea, miguu ikiwa ubavuni mwake, kisha alazwe chali kichwa kitue mapajani mwa muuguzi. Mzazi amshike mikono. Inua mdomo wa juu kwa kidole, uangalie pale meno ya mbele yanapokutana na ufizi. Mstari mweupe kama chaki ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza, na huonekana vyema jino likikauka, kwa hiyo pangusa kwanza kwa shashi. Weupe huo bado unaweza kurudi nyuma. Ukiwa wa kahawia na jino limeanza kuchimbika, mtoto ni wa rufaa.

Koroga vanishi, maana ikikaa hujitenga. Kausha upande mmoja wa kinywa, paka tabaka jembamba kwenye nyuso zote za meno, kisha nenda upande wa pili. Mate yakiigusa hukaza, kwa hiyo usihangaike kuyazuia baada ya kupaka. Kazi yote ni dakika 2 au 3. Usimpake mwenye vidonda vya ufizi au vya kinywa, wala mwenye mzio wa utomvu wa msonobari, ambao ndio gundi ya vanishi nyingi.

Kisha andika. Kwenye kitabu cha kliniki weka mambo matatu: idadi ya meno, hali yake (safi, mstari mweupe, au tundu) na tarehe ya kupaka. Pasipoandikwa, mwenzako wa zamu ijayo atapaka tena baada ya wiki mbili au asipake kabisa.

Rufaa ndiyo hulegea zaidi. Kumwambia mzazi “mpeleke kwa daktari wa meno” ni kumwacha njiani. Zungumzeni na kitengo cha meno cha hospitali iliyo karibu, au na afisa wa afya ya kinywa ya jamii, mpate siku maalumu ya juma ya kupokea watoto wenu, na karatasi ya rufaa iitaje siku hiyo. Mwenye uvimbe wa shavu pamoja na homa, au uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, hangoji siku, aende leo.

Siku mkizidiwa na foleni na muda ukatosha jambo moja tu, inueni midomo. Vanishi yaweza kungoja ziara ijayo, lakini tundu lisiloonekana litazidi kuchimba.

Mwanangu wa miezi 9 alipakwa kitu cha manjano kwenye meno kliniki. Nyingine alimeza. Mama mkwe anasema ni sumu na meno yameshachafuka. Nifanye nini?
*Mama, Kisauni*

Mama, tulia. Dozi nzima ya 0.25 ml ina takriban miligramu 5.65 za floraidi, nayo hunata menoni na kutoka kidogokidogo. Kiwango cha kutia hofu ya sumu ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 40 kwa mtoto wa kilo 8. Umanjano utaondoka ukianza tena kumpiga mswaki kesho asubuhi. Leo mnyonyeshe kama kawaida na umpe chakula laini. Epuka vya moto na vigumu, na usimsugue meno usiku huu.

Cha kufungia kabatini ni dawa ya meno ya nyumbani. Tyubu ya gramu 100 iliyoandikwa ppm 1,000 (sehemu 1,000 za floraidi kwa kila milioni) ina miligramu 100 za floraidi, na mtoto aliyeachwa nayo akailamba yote ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Mama mkwe umfikishie salamu zetu na hesabu hii.

Mjukuu wangu ana miezi 7, anaharisha na ana homa. Jirani kaangalia ufizi akasema ni meno ya plastiki, yang'olewe kabla hayajamuua. Nimwite huyo mtoaji?
*Bibi, Mji wa Kale*

Shikamoo bibi. Usimwite, tafadhali. Ule uvimbe mweupe anaouona jirani ni chonge za mtoto zikiwa bado ndani ya ufizi. Kila mtoto anazo, na hutoka kwenye miezi 16 hadi 22. Anayezichimbua kwa kisu au spoki ya baiskeli anamtoa mtoto jino lake halali, na mara nyingi anaharibu na lile la ukubwani lililo chini yake. Watoto hutokwa na damu nyingi, huingiwa na vijidudu na hata pepopunda. Tena kuharisha hakuponi, kwa kuwa hakukuanzia kwenye ufizi. Mtoto wa umri huu ameanza uji na kutambaa, na kila kitu anatia mdomoni.

Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kila anapoharisha, aendelee kunyonya, na aanzishiwe vidonge vya zinki kliniki: kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akiwa mlegevu, au choo kikiwa na damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kwa wauguzi wanaosoma hapa: semeni habari hii kwenye ziara ya wiki 14, kabla uvimbe haujaonekana na jirani hajafika.

Binti yetu ana miaka 2, halali bila chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Meno ya mbele juu yamekuwa ya kahawia, ya chini mazuri. Yataanguka si yataota mengine?
*Baba, Changamwe*

Baba, ya mbele yataanguka akiwa na miaka 6 au 7, lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 hadi 12. Miaka hiyo yote ni mingi mno kuishi na maumivu. Ya chini yamesalimika kwa sababu ulimi huyafunika na mate hutiririka hapo. Ya juu ndiyo huoga chai, na akilala mate hupungua, hakuna cha kuisuuza.

Usimkate kwa usiku mmoja, hamtalala. Punguzeni sukari kila baada ya siku mbili tatu, kisha ongezeni maji kwenye chai, hadi chupa ibaki na maji matupu. Mchana anywe kwa kikombe. Usiku mpigeni mswaki nyinyi wenyewe kwa dawa ya ppm 1,000 au zaidi, kiasi cha punje ya mchele. Akitimiza miaka 3, iwe punje ya mbaazi. Ateme, asisukutue kwa maji. Dawa za maji zenye sukari zitolewe kabla ya mswaki.

Juma hili mpelekeni akaonwe. Kwa mtoto mdogo daktari anaweza kupaka dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38, ambayo Shirika la Afya Duniani iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha kuoza bila kuchimba wala sindano, ila sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima. Ulizeni hilo mapema ili mkubaliane nyumbani.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Je, yana floraidi ya kutosha, niache dawa ya meno yenye floraidi?
*Msomaji, Bamburi*

Usiache. Chumvi unayoionja na floraidi ni vitu viwili. Floraidi ulimi hauijui, hupimwa maabara tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo, na watoto wanaokulia huko hupata madoa ya kahawia ambayo si kuoza. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapopungua, floraidi huzidi kukolea. Ukipeleka maji kupimwa, yatie kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floraidi huweza kushikana na kioo na kipimo kikatoka pungufu.