Huyo ni Panzi, Tumchome Tule

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Igombe alikuja kwenye karakana yangu hapa Kirumba, Mwanza, akasimama mlangoni kimya. Mimi ni fundi wa injini za boti, na muda huo mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya injini, kwa hiyo nikamwacha asimame. Niliponyanyua kichwa akasema, "Shikamoo kaka. Mama kanituma nijifunze kazi. Ila nakwambia mapema, mimi sina akili."

Hakuwa anatania. Aliyasema maneno hayo kama mtu anavyotaja kijiji anachotoka. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu umri wake mimi nilikuwa nikiyasema hayohayo. Naandika kwa ajili yake na wengine walio kama yeye, na kwa ajili ya wazazi wanaowalea.

Mimi ni wa kidato cha nne cha mwaka 2012. Mliokuwa wakubwa wakati ule mnakumbuka. Matokeo yalitoka Februari 2013, na zaidi ya nusu yetu nchi nzima tulipata ziro. Ilizuka kelele kubwa, serikali ikaunda tume, na mwezi Mei matokeo yale yakafutwa ili yapangwe upya. Kuna wenzangu waliopanda. Mimi nilibaki palepale. Wakati ule wa kwanza nilikuwa na faraja ya kuwa wengi, lakini orodha ya pili ilipotoka nikajiona niko peke yangu. Baba hakunipiga wala hakunifokea. Aliacha tu kuniita jina langu. Akitaka niitwe nije kula, alimwambia mdogo wangu, "Mwite huyo."

Nikaenda kambi ya dagaa, Kayenze, kando ya Ziwa Victoria.

Kabla sijaeleza ya Kayenze, nirudi nyuma kidogo kwa bibi yangu, mzaa mama, wa Magu. Wasukuma wengi mnaijua hadithi ya Shing'weng'we, lile dubwana lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, watu wengine wako wapi?" Mama akamweleza ukweli: wote wamemezwa, tumebaki wawili.

Sehemu ambayo bibi aliipenda, na aliisimulia polepole huku akichambua mchele, ni inayofuata. Kijana anakwenda porini, anarudi anashangilia: "Mama, nimemuua Shing'weng'we!" Mama anatazama, anamwambia, "Mwanangu, huyo ni panzi. Tumchome tule." Siku nyingine anarudi na ndege. "Huyo ni ndege. Tumchome tule." Kisha swala. Na vilevile, hapana, siye, basi tumchome tule. Hadi siku aliyokutana na dubwana lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwemo.

Nilipokuwa mdogo nilisubiri tu mapambano. Panzi nilimwona ni kichekesho cha kupitisha muda. Leo naona hadithi yote imo kwenye panzi. Mtazame yule mama. Hamdanganyi mtoto kwamba amemuua dubwana, wala hamcheki kwa kuwa amekuja na panzi. Anamwambia ukubwa halisi wa alichokishika, kisha anawasha moto, wanakula. Ushindi mdogo haukutupwa jalalani, uliliwa ukawa nguvu ya kesho. Na jina la kijana, kama bibi alivyotufafanulia, masala ni akili na kulangwa ni kufundishwa. Shujaa wa Wasukuma hakuitwa kwa jina la misuli yake. Ndani ya jina lake mna kufundishwa.

Sasa Kayenze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa kambi hupumzika, kwa sababu taa haivuti samaki mbele ya mbalamwezi. Enzi zangu tulitumia karabai. Tulikuwa wanne mtumbwini, na kazi yangu mimi mgeni ilikuwa kuchota maji kwa kidumu kilichokatwa mdomo. Shika kidumu, inama, chota, mwaga. Mgongo unawaka, miguu imo kwenye maji ya baridi yenye magamba na mafuta ya taa. Malipo ni kwa mgao: mkishatoa mafuta na fungu la tajiri mwenye mtumbwi, kinachobaki mnagawana, na usiku mwingine hakibaki kitu.

Hofu yangu ya ziwa niliirithi nyumbani. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na kufika Mwanza, mjomba wangu alikuwemo. Kila mwaka bibi alitaka tupelekwe Igoma kwenye makaburi ya wale marehemu, japo hatukuwahi kujua kama mjomba ni miongoni mwa waliozikwa pale. Kwa hiyo nilipanda mtumbwi nikiwa na hofu mbili ndani ya kifua kimoja, na sikujua kuzitenganisha.

Aliyenifundisha kuzitenganisha ni nahodha wetu, mzee wa maneno machache. Usiku mmoja nilikuwa natetemeka, wenzangu wakaanza kunicheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Unaogopa nini? Taja."

Nikasema, "Mawingu yale upande wa Ukerewe. Na injini inakohoa tangu tutoke."

Akageuka kuyatazama mawingu, akasikiliza injini. "Huo siyo uoga," akasema. "Hiyo ni taarifa. Nyanyueni nyavu." Tukarudi. Hatujafika hata nusu ya njia, upepo ukatukuta, mawimbi yakawa yanaingia upande, nikachota maji kwa kidumu kile mpaka vidole vikakosa hisia. Tulifika. Tajiri alilalamikia mafuta yaliyoteketea bure. Nahodha hakumjibu.

Wiki mbili baadaye akaniambia nishike usukani tukitoka, ziwa limetulia kama bakuli la uji. Nikakataa. Akauliza swali lilelile, nitaje. Nikasema, "Mzee, mimi nilipata ziro. Nitaharibu." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hapo hujanitajia kitu chochote cha ziwani. Kaa hapa nyuma, shika."

Ushauri nilio nao wote umetoka kwenye siku hizo mbili. Mdogo wangu, hofu ikikujia, iulize inazungumza habari za nini. Ikizungumza habari za mawingu, injini, kina cha maji, mtu fulani, barabara fulani, isikilize kwa heshima zote, kwa sababu inajua kitu. Ziwa letu lina tabia yake: usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka kingo zote kwenda katikati, unakutana huko na hewa yenye joto na unyevu inapanda juu, ndipo dhoruba na radi zinapozaliwa usiku na alfajiri. Anayekataa kutoka mwaloni usiku wa namna hiyo hana upungufu wowote wa ujasiri. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, vaa jaketi la kuokolea hata wakikucheka, na kama umezaliwa kando ya maji haya na bado hujui kuogelea, nakusihi, jifunze mwaka huu.

Lakini hofu ikizungumza habari zako wewe, kwamba wewe ni ziro, huna akili, utaharibu, hapo hakuna taarifa yoyote. Ni sauti ya mtu mwingine uliyoizoea. Yangu ilikuwa na sauti ya baba akisema "huyo". Ilinichukua miaka kuitambua.

Kwa mabinti naona mambo hugeuzwa, na hili linaniuma sana. Binti mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni aliwahi kuniambia anajiona hafai kwa biashara kwa sababu ni mwoga. Nikamwambia ataje. Akataja mwanaume mwenye mtumbwi aliyemwahidi dagaa kwa mkopo, akamtaka wakamalizie mazungumzo gesti. Dada yangu, huko siyo kutofaa kwa biashara. Hiyo ni taarifa, na ni sahihi kabisa. Tumewafundisha mabinti kuchukua habari ya hatari iliyo mbele yao na kuigeuza kuwa kasoro yao wenyewe. Kama uko chini ya miaka 18 na mtu anakusumbua hivyo, piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na hailipiwi. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Nenda na mtu mzima unayemwamini, maana peke yako maneno hukwama kooni.

Watu wakitaka mfano wa kijana shujaa wa ziwa hili humtaja Majaliwa Jackson, yule mvuvi wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka majini karibu na uwanja, ikiwa na watu 43. Walionusurika ni 24, na wavuvi ndio waliotangulia kufika. Majaliwa alipambana na mlango wa ndege kwa kasia, watu wakapata kutoka, kisha katika kujaribu kuwafikia marubani akaumia, akazinduka hospitalini. Baadaye alipewa nafasi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nimesikia akihubiriwa kama kijana asiyejua kuogopa, na mimi naona wanaomhubiri hivyo wanamwonea, na wanawaonea pia vijana wanaowasikiliza. Alifika pale akiwa mvuvi, na wenzake, ameshika kasia alilolizoea. Panzi wake wengi walishaliwa zamani, siku ambazo hakuna aliyekuwa akimpiga picha.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaokuja karakana: tafuta panzi wako wa wiki hii. Mimi wa kwanza alikuwa kusafisha plagi. Injini ya tajiri wetu ilipoendelea kukohoa, fundi aliyekuja kuitazama alikuwa na haraka, akanipa plagi nisugue masizi. Nilisugua zaidi ya saa nzima. Akaniambia, "Imesafishika." Neno hilo moja nililibeba kambini mwezi mzima. Baadaye nikajifunza kutoa maji kwenye petroli, kisha kufungua kabureta na kuirudisha bila kubakiza skrubu mkononi. Mtihani niliurudia mwaka 2015 nikiwa tayari nina wateja watatu, nikafaulu kwa kiasi, sikujali sana tena.

Mzazi, mlezi, mwalimu: kazi ya yule mama ni yako. Mtoto akikuletea panzi usimwambie ni simba, atakutana na simba halafu atakulaumu. Na usimcheke. Waliomwambia kijana wa Igombe kwamba hana akili ni watu wanaompenda, naamini hivyo, walitaka aamke. Lakini mtoto huwa hasikii shabaha yako, husikia maneno.

Kuna kipande cha mwisho cha hadithi ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akatoka na hasira, akataka kumroga kijana aliyemwokoa. Na kijana hakubishana naye, hakumkumbusha wema. Alikwenda kutafuta dawa akamponya.

Mimi yangu ilikuwa hivi. Nilipoanza kupata hela nilimtoa mdogo wangu kambini kwa nguvu, nikamleta mjini asome, bila kumuuliza. Alisoma, ila mwaka mzima hakunisemesha. Nilimwona hana shukrani. Siku nilipoikumbuka habari ya sikio niliacha kazi mchana kweupe, nikaenda kumsubiri nje ya shule, nikamwomba radhi kwa kutomuuliza. Hakujibu kitu. Tulitembea pamoja mpaka Buzuruga, akapanda daladala, na kutoka dirishani akanipungia.

Baba naye siku hizi ananiita kwa jina. Hatujawahi kuzungumzia ile "huyo". Nimejaribu mara mbili, nikaona macho yake, nikabadilisha habari. Dawa ya hapo bado naitafuta.

Kijana wa Igombe yupo. Juzi nilimpa kabureta ya Yamaha kuukuu aifungue, nikatoka kwenda kununua gaskiti. Niliporudi vipande vyote vilikuwa juu ya gunia, amevipanga kwa safu kufuata alivyovitoa, cha kwanza mpaka cha mwisho, bila mtu kumwelekeza. Anaona nimenyamaza, akaanza kujitetea, "Kaka, sijairudisha bado, nimeogopa..."

"Unaogopa nini?"

Akafikiri. "Hiki kispringi. Sijaona kilikotoka."

Nikainama nikamwonyesha. Kisha nikamtuma kwa mama ntilie akalete chai na mihogo, tukala palepale sakafuni, kabureta ikiwa katikati yetu.