Mleta uzi wa mtaro: rudisheni makoleo stoo kwanza

Mleta uzi, nimesoma hadi pale uliposema mnataka kujichimbia wenyewe mtaro wa mtaa, kaya 22 zimeshachanga, makalavati (yale mabomba ya zege ya kupitishia maji) yanashushwa Jumamosi, na kwamba halmashauri haina bajeti mwaka huu ila afisa mmoja amewaambia muendelee tu. Nikaweka simu chini, nikazunguka sebuleni mara mbili. Wewe ni mimi wa miaka minne iliyopita, tofauti yetu ni kwamba wewe bado una pesa.

Umeuliza mambo manne: kalavati la ukubwa gani, wasiochanga wabanwe vipi, michango ikae benki au kwa mweka hazina, na taa za sola za pale kona. Weka yote pembeni. Nijibu mimi swali moja: huyo afisa amewaambia kwa mdomo au kwa karatasi?

Najua ni kwa mdomo. Kwa karatasi ungeibandika hapa.

Sisi wa kwetu alikuja na pikipiki. Hata injini hakuzima. Akaangalia dimbwi, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani, akasema, "Nyie anzeni, sisi tutawaunga mkono." Nilikuwa katibu wa kamati, nina kaunta buku kwapani na peni mbili, ya buluu kwa waliolipa na nyekundu kwa wanaotuzungusha. Nikayaandika maneno yake kwenye muhtasari, neno kwa neno, na kikaoni wakanipigia makofi. Huo mkono nimeusubiri hadi leo. Siku mambo yalipoharibika nilimpigia, akaniambia yeye alikuja "kama mdau tu". Mdau! Nilikaa na simu sikioni dakika nzima baada ya yeye kukata.

Sasa sikia yaliyotukuta. Kaya 38 zilichanga. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa mtaani ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, ameshiriki kujenga nusu ya barabara za nchi. Mteremko aliupima kwa kufumba jicho moja. Nilimuuliza kama hatuhitaji hata mpira wa maji wa kupimia levo, akaniuliza mimi nimesomea nini. Nikanyamaza. Mimi nimesomea uhasibu, wakuu, na pesa ndiyo iliyopotea, kwa hiyo hata fani yangu haikunisaidia.

Siku ya pili ya kuchimba sururu ilipita katikati ya bomba kubwa la maji safi. Hakuna aliyejua lipo pale, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza mamlaka ya maji mabomba yao yamepita wapi. Mtaa mzima ukakaa siku tatu bila maji, na gharama ya matengenezo ikaja kwetu. Tukasema bahati mbaya, tukaendelea. Tukaweka makalavati ya kipenyo cha sentimita 30 kwa sababu ndiyo pesa ilitosha, tukamwaga mifuniko ya zege Jumapili. Jumatano lori la mchanga la mjumbe wetu mwenyewe wa kamati likapita juu yake. Zege hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28. La kwetu lilikuwa na siku tatu. Lilitoa mlio mmoja tu, kama mtu anayevunja muwa kwa goti.

Ila hizo zote ni senti. Endelea kusoma.

Mvua ya kwanza kubwa ikanyesha usiku. Hesabu hii niliipata baadaye kwa mhandisi aliyekuja kutukagua, na ningetoa chochote niipate kabla. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Juu ya mtaro wetu kuna nyumba kama 60, mapaa yake chukulia mita za mraba 120 kila moja. Mvua ya milimita 40 kwa saa inakupa lita 288,000, yaani lita 80 kila sekunde, na hapo ni mapaa tu, hujahesabu nyua wala barabara yenyewe. Mteremko wa jicho moja wa yule mzee ulikuwa sentimita 20 kwa mita 100. Kwa mteremko huo kalavati la sentimita 30, likiwa safi kabisa, linapitisha kama nusu ya hizo lita 80. Na la kwetu halikuwa safi, lilikuwa limeshabana chupa za plastiki na kandambili moja.

Mengine yalipita juu. Yaliyopita ndani yalikwenda tulikoyaelekeza, na hapo ndipo tulipofanya dhambi, kwa sababu hatukuwahi kuuliza mwisho wa mtaro ni wapi. Kwetu sisi mwisho ulikuwa "kule chini". Kule chini anaishi bibi mmoja na wajukuu wawili. Alinigongea alfajiri, ameshika kiatu kimoja cha shule kimejaa matope. Hakunitukana. Alisema tu, "Katibu, maji yenu yamefika."

Maji yenu. Kabla ya mtaro yalikuwa maji ya mvua, ya Mungu, hayana mwenyewe. Tulipoyachimbia njia yakawa ya kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari lenye majina ya wenye maji. Bibi angetaka kwenda mahakamani, ushahidi ningemwandikia mwenyewe kwa peni ya buluu.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya halmashauri ya kusimamisha kazi. Ilikuwa na kumbukumbu namba, sahihi na mhuri wa duara. Kumbe kuandika wanajua! Tulikuwa tumechimba ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, bila kibali, tumekata bomba, tumeelekeza maji kwenye makazi ya mtu. Pesa iliyobaki ikaishia kwenye bomba, na kwenye magodoro na ukuta wa bibi, na haikutosha.

Haya, kaa vizuri, sasa ndiyo tunafika kwenye hasara yenyewe.

Kabla ya sisi kujifanya mashujaa, mtaa wetu ulikuwa namba tatu kwenye orodha ya vipaumbele vya kata. Namba tatu! Hatukujua, kwa sababu hatukuwahi kuomba kuiona. Tuliposikia "bajeti hakuna mwaka huu" tukaelewa "hakuna kabisa", kumbe maana yake ilikuwa mtafikiwa mwaka unaofuata au ule wa pili. Mwaka uliofuata nikaenda kwenye kikao cha kata kwa mara ya kwanza maishani, nikaomba ile orodha, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Hatupo. Nikageuza ukurasa. Tupo, kwenye jedwali la miradi iliyokamilika, safu ya maelezo: "Imetekelezwa kwa nguvu za wananchi."

Imetekelezwa. Mtaro umepasuka, bibi analala kwa jirani, na kwenye karatasi sisi ni mfano wa kuigwa.

Nilimuuliza mtendaji kama mtaro unaweza kurekebishwa basi, kama matengenezo ya kawaida. Akaniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba hawawezi kutenga fedha za matengenezo kwa kitu ambacho hakimo kwenye daftari la mali zao: hawakukisanifu, hawakukisimamia, hawakukabidhiwa. Yaani kwenye orodha ya shida tumeondolewa kwa sababu tumejenga, na kwenye orodha ya matengenezo hatuingii kwa sababu tulijenga sisi. Msimu uliofuata greda likaja kuchonga barabara na likafukia karibu nusu ya mtaro. Dereva hana kosa, kwenye mchoro aliopewa hakukuwa na mtaro. Kurudi kwenye orodha kumetuchukua miaka mitatu, na tulirudi kwa nambari ambayo sitaitaja hapa kwa sababu ya heshima yangu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia hadi mnichoke: koleo lisiguse ardhi kabla hujashika barua ya halmashauri yenye kumbukumbu namba, sahihi na mhuri. Wala picha ya barua haitoshi. "Barua iko njiani" usiisikilize. Diwani kakuunga mkono kwenye kundi la simu? Mshukuru, halafu muulize barua iko wapi.

Najua kuna mtu atakuja hapo chini kuniambia mimi nakatisha watu tamaa, wananchi lazima washiriki, mbona Porto Alegre kule Brazili kuanzia 1989 wakazi walikaa vikao na kupanga matumizi ya mji wao. Sawa kabisa, ila isome vizuri hiyo habari. Wale walikaa kupanga fedha ya manispaa. Hawakupitisha bakuli wakachimba usiku. Ushiriki wao uliingia kwenye bajeti, wetu ulitutoa kwenye bajeti.

Ili uipate, unaanza wewe kuwaandikia, na barua ya kuomba si kitu cha ajabu. Sisi tulipoanza upya ya kwetu tuliiandika ukurasa mmoja, tukaambatanisha muhtasari wa kikao na sahihi za wakazi, wakiwemo wa kule chini, maana safari hii bibi alikaa kiti cha mbele. Tuliomba mhandisi aje apime na atupe mchoro wenye upana, kina na mteremko, na aseme kwa maandishi maji yanaishia kwenye mto au mfereji gani, siyo "kule chini". Tukaomba wathibitishe hakuna bomba wala nyaya chini ya njia hiyo. Tukauliza baada ya kumaliza nani anausafisha na nani anaukarabati. Halafu sentensi ambayo ningeichora tattoo kama mke wangu angeniruhusu: kwamba michango ya wakazi ihesabiwe kuwa sehemu ya mradi wa halmashauri, na mtaa usiondolewe kwenye mpango hadi mradi ukaguliwe na kukabidhiwa.

Nakala mbili. Moja unaiacha masijala, nyingine unagongewa mhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Dada wa pale dirishani alitaka kunipokea bila kugonga, akasema, "Iache tu kaka, itafika." Nikamwambia nasubiri. Nilisubiri hadi akaudhika, akagonga kwa hasira, mhuri ukatoka umeinama. Ndiyo nakala ninayoipenda kuliko cheti changu cha ndoa. Na ipeleke mapema, wakati idara zinaandaa makadirio, miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ukienda bajeti ikishapitishwa utaambiwa "hakuna" na safari hii watakuwa wanasema kweli.

Mkinijibu kwamba mvua haisubiri barua, nakubali. Msimu huu zibueni mtaro uliopo, toeni takataka na mchanga, wekeni viroba vya mchanga kwenye milango inayoingia maji. Hilo ni la Jumamosi moja, halikati bomba la mtu na halikutoi kwenye orodha.

Kuhusu ukubwa wa kalavati: sijui, na wewe hujui, na fundi wako hajui hadi mtu apime. Ila chukua hili moja kwa sababu lilinifumbua macho. Kalavati la sentimita 60 kwa mteremko uleule linabeba zaidi ya mara sita ya lile la sentimita 30, siyo mara mbili kama nilivyokuwa nikiwahubiria watu kikaoni. Kwa hiyo huo mpango wenu wa "tuweke madogo kwanza, tutaongeza baadaye" ufuteni leo.

Wasiochanga waacheni. Mmoja wa wale niliowaandika kwa wino mwekundu alikuwa ametukatalia kwa sentensi moja: "Nitachanga nikiona barua." Nilimsema vibaya mtaa mzima. Sasa hivi ndiye mwenyekiti wa kamati, na mimi ndiye ninayemshikia mwavuli tukienda halmashauri.

Ulikuwa umeuliza na nini kingine, taa? Nitarudi kwenye taa nikipata nafasi. Kwanza niambie huyo wa makalavati mmeshamlipa yote au mmetanguliza nusu, na kama ana namba ya simu mpigie sasa hivi, usisubiri kesho.