Kabla ya dripu ya kwanza, toa ufunguo wa sefu

Wiki hii nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji ambaye, kama mimi, anapenda bastola ndogo, zile za kuingia mfukoni. Amepewa majibu ya saratani. Hakuniuliza habari za dawa wala za lishe. Aliuliza mambo mawili tu: je, auze bastola zake, na je, Mkristo aliye mgonjwa ana haki ya kuendelea kufurahia kitu kama hicho wakati anapaswa kuwa magotini? Hilo la pili lilinichoma, maana niliwahi kuulizwa na mtu aliyekuja kwangu kwa jina la kuniombea. Nitalifikia. La kwanza nalijibu papa hapa. Ndugu yangu, usiuze chochote katika miezi hii ya mwanzo, kichwa chako hakijatulia. Lakini ufunguo wa sefu utoke mikononi mwako leo, kabla ya dripu ya kwanza.

Ambaye hapendi bastola ndogo hataelewa kwa nini jambo hili lina uzito, kwa hiyo niseme kidogo. Wenzetu wa bastola kubwa hutucheka. Wanaona tunachezea vitu vya watoto. Hawajui kwamba bastola ndogo ndiyo inayompima mpiga shabaha: mtutu mfupi, kilengeo ambacho kwa macho ya mtu mzima karibu hakionekani, kitako ambacho vidole viwili tu ndivyo vinapata mahali. Ukikosea kubana triga kidogo tu, karatasi itakusema. Mimi na Beretta 950 yangu ya kaliba 6.35 niliwahi kuweka risasi zote za magazini moja, kutoka mita saba, ndani ya eneo ambalo ningelifunika kwa kiganja. Ile karatasi ninayo mpaka leo, na ndiyo, nimeitia kwenye fremu. Mke wangu alikataa isitundikwe sebuleni, ikaenda chumba cha nyuma.

Kisha likaja uvimbe shingoni. Habari za foleni, vipimo na kusubiri majibu nazirukia, kila mgonjwa ana zake na zote zinachosha. Ilikuwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, na nikapangiwa mseto wa dawa tano: nne za kuingia mshipani, ya tano vidonge vya prednisoloni vya siku tano, mzunguko unarudiwa kila baada ya siku 21. Dripu ya kwanza huingizwa polepole sana kwa sababu mojawapo ya dawa hizo huweza kumtetemesha mtu kwa baridi kali, na ilinitetemesha kweli, meno yakigongana chini ya mablanketi. Nyingine ni nyekundu. Jioni mkojo nao ulitoka mwekundu, na hata kama muuguzi alishanionya, nilishtuka.

Huyo muuguzi ndiye nataka mumjue. Siku ya kwanza, katikati ya maswali ya mzio na uzito, aliniuliza, "Kuna silaha nyumbani?" Nikamwambia zipo, zimesajiliwa, ziko kwenye sefu. Akauliza ufunguo anao nani. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyetukanwa: "Mama, mimi ni Mkristo, nimeokoka." Hakuinua hata kichwa. "Baba, sijakuuliza dini. Nimekuuliza ufunguo anao nani."

Nilimpa mke wangu ufunguo jioni ile, shingo upande, nikijiambia ni kumridhisha mama wa watu.

Sasa nieleze kilichofuata, kwa sababu vitini vya hospitali hukipitia kwa mstari mmoja: "dawa hii inaweza kubadilisha hisia zako". Prednisoloni kwa kipimo kile ilininyima usingizi. Siku zile tano nilikuwa na nguvu za ajabu, napanga rafu usiku wa manane, nasema haraka, nakasirika haraka. Vidonge vilipokwisha nguvu zikaondoka kwa mara moja na mimi nikaanguka pamoja nazo. Nililala nikiangalia ukuta. Yalinijia mawazo ambayo sikuwahi kudhani yangenijia mimi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa ibada ya alfajiri. Sikuona sababu ya kuendelea. Nilijiona mzigo kwa mke na watoto. Nayaandika bila kuyapamba kwa sababu najua yupo mtu anayeyasoma akiwa nayo sasa hivi na anaona aibu. Madaktari wanajua kwamba miezi ya kwanza baada ya majibu ya saratani ndiyo miezi ambayo hatari ya mtu kujidhuru hupanda. Ongeza dawa inayovuruga usingizi. Ongeza sefu iliyo hatua chache kutoka kitandani. Ufunguo haukuwa kwangu, na sikujua ulikuwa wapi, kwa sababu mke wangu ana akili kuliko mimi na alikuwa ameuondoa nyumbani kabisa. Asubuhi nilimwambia kila kitu. Tukampigia simu daktari, akapanga upya namna ya kuzimaliza dozi na kunipa kitu cha kunisaidia kulala. Mzunguko uliofuata haukuwa mwepesi, lakini ule ukuta sikuuangalia tena kwa namna ile.

Ukiwa na mawazo hayo, mwambie mtu leo. Mwambie daktari pia, kwa maneno yenyewe, usizungushe.

Na usiniambie imani yako ni kubwa. Eliya alikuwa ameshusha moto kutoka mbinguni, na muda si mrefu baadaye yuko chini ya mti jangwani anamwomba Mungu amwondolee uhai. Soma 1 Wafalme 19. Malaika hakumkemea wala hakumhoji imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mungu alianza na chakula na usingizi! Sisi leo mtu akisema amechoka kuishi tunamwekea mikono na kupaza sauti, tunaondoka tunarudi kwetu, na ufunguo tumemwachia.

Ambalo linanirudisha kwa yule aliyekuja kuniombea. Ni mzee wa kanisa, nilimheshimu miaka mingi, na jina lake silitaji. Alikaa, akaona lile fremu mlango wa chumba cha nyuma ulipokuwa wazi, akaniambia uvimbe wangu una mlango ulioingilia, na mlango wenyewe ni zile bastola. Nizitoe, nitubu, ndipo maombi yatafanya kazi. Nilikuwa sina nywele, sina ladha mdomoni, na mtu ananiambia nimejiletea. Wanafunzi waliwahi kumuuliza Yesu swali hilohilo juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na jibu alilowapa liko Yohana 9 kwa yeyote anayetaka kulisoma. Mzee yule analijua. Amelihubiri.

Wa uwanja wa shabaha nao hawakuwa malaika. Wengi walinyamaza tu, nadhani hawakujua la kusema. Mmoja alinipigia simu kunipa pole, akazungumza vizuri kabisa, na kabla hajakata akauliza ile bastola yangu nyingine, Walther PPK, nitamwachia nani.

Turudi kwenye vidole. Mojawapo ya zile dawa nne, vinkristini, hushambulia neva, na huanzia ncha za vidole vya mikono na miguu. Niligundua kwa vifungo vya shati, nilikuwa navifunga kwa kuviangalia. Siku moja nilimwomba mke wangu afungue sefu akiwa amesimama pale pale, nipate kuipaka mafuta Beretta. Nilitoa magazini, nikaifungua, nikaangalia chemba, pale risasi inapokaa, kisha nikafanya kama nilivyofanya siku zote, nikaingiza ncha ya kidole cha mwisho kuhakikisha hakuna risasi. Kidole kiliingia, hakikuniambia kitu. Chemba ilikuwa tupu, macho yaliona hivyo, lakini kwa kidole pangekuwa na risasi pasingekuwa na risasi, ni mamoja. Nikajaribu triga kwa risasi bandia za mazoezi. Kila triga ina mahali ambapo kidole husita kabla ya mlipuko, na mpiga shabaha huishi kwa kuvizia mahali pale. Mimi sikupasikia. Bastola ilifyatuka mimi nikidhani bado nina safari. Nikaifuta, nikairudisha, nikamwambia afunge.

Hapo ndipo nilipoacha kupiga, kwa hiari yangu, bila daktari kunikataza. Vidole vikifa ganzi, usiguse triga. Na ukiwa umekunywa dawa kali za maumivu, usiguse hata kitako.

Kuna mengine ambayo watu wa bastola ndogo tu ndio watayaelewa. Bastola nyingi za aina yetu hazina mtambo wa kufunga mtutu. Slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila mlipuko, inazuiwa na uzito wake na springi tu. Slaidi ikiwa nyepesi, springi lazima iwe kali, kwa hiyo kibastola kidogo huwa kigumu kukoki kuliko bastola kubwa ya askari. Mgonjwa asiye na nguvu za mikono atajikuta anapigana nacho, na anayepigana na bastola husahau mtutu unaelekea wapi. Ndiyo maana naisifu Beretta 950. Mtutu wake unainuka mbele kwa kubonyeza kidude cha pembeni, unatia risasi moja kwa moja kwenye chemba bila kuvuta slaidi hata kidogo. Waliobuni hawakuwa wakiwafikiria wagonjwa wa saratani, lakini sisi tumefaidi.

Walther PPK ni nzuri kuitazama, ila slaidi yake inajulikana kwa kuuma nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ukiishika juu sana. Ukiwa mzima ni alama ya kujivunia. Chembe za kugandisha damu zikishuka kwa sababu ya dawa, kijeraha kile hakinyamazi, na chembe nyeupe zikishuka ni mlango wa maambukizi. Halafu kuna vumbi. Fataki za risasi nyingi, zile zinazowasha baruti, zina madini ya risasi (lead), na kila mlipuko huacha vumbi lake mikononi, puani na kwenye nguo. Madini hayo huharibu utengenezaji wa damu, na damu ndiyo inayopiganiwa pale hospitalini. Hata kuzisafisha usizisafishe wewe. Atakayesafisha anawe kwa sabuni na maji baridi, abadilishe nguo kabla ya kukukumbatia.

Kuhusu kumpa mtu ufunguo, angalieni sheria ya mahali mlipo. Kwingine mwenzi asiye na kibali haruhusiwi kushika ufunguo hata wa sefu. Uliza polisi, au muuzaji mwenye leseni, kama watakuhifadhia. Lakini utoke kwako. Nimesema mara ngapi sasa? Utoke kwako.

Sasa lile swali la magotini. Zaburi ya 144 inamhimidi Mungu anayevifundisha vidole kupigana. Niliisoma vidole vyangu vikiwa na ganzi na nilikasirika, nikafunga Biblia kwa kishindo. Baadaye nikasoma habari za mfalme Hezekia alipougua, 2 Wafalme 20. Alilia, akaomba, Mungu akamjibu, na Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Maombi na tini, chumba kimoja, siku moja. Anayekutaka uchague kati ya dripu na goti hajaisoma sura hiyo. Na anayekutaka uache kila kinachokupa furaha ili Mungu akusikie, mwulize Mungu gani huyo. Nilipokuwa siwezi kupiga nilisoma. Nilisoma jinsi John Moses Browning, aliyebuni nyingi za bastola tunazozipenda, alivyofariki mwaka 1926 huko Ubelgiji akiwa kwenye meza ya kazi katika karakana ya mwanawe, moyo uliposimama. Zamani nilikuwa natamani kuondoka hivyo. Sasa nashukuru nimepewa muda wa kuwaambia watu mambo, hata yule wa PPK, ambaye nilimwambia mengi.

Uwe na kitu cha kufanya ambacho si ugonjwa. Kwangu ilikuwa kumfundisha kijana mmoja wa uwanjani, mimi nimekaa kwenye kiti nyuma ya mstari, nimevaa barakoa, mbali na vumbi, namwambia tu, "Umebana mapema. Tena." Alinipita kabla matibabu yangu hayajaisha. Ilinifurahisha, na iliniuma pia, nisiseme uongo.

Vipimo vya mwisho vilikuwa visafi. Ganzi imepungua, haijaisha. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimerudi karibu chote. Napiga tena, kaliba .22 zaidi, bastola yenye kitako kikubwa kidogo kuliko ninavyopenda, na karatasi zangu kwa sasa si za kutiwa fremu. Ufunguo bado anao mke wangu. Nikitaka kwenda uwanjani namwomba, naye huniuliza kwanza kama nimelala. Juzi nilisema sijalala vizuri, akaniambia basi nitakwenda Jumamosi.